Kwenye Nyimbo Hakuna Aliyekufa

MWIMBAJI: Haloo? Haloo, naongea na nani?

MHUDUMU: Usikate.

MWIMBAJI: Nani mwenzangu? Sikusikii vizuri, kuna ngoma hapa, tunajaribu vyombo—

MHUDUMU: Ni mimi.

MWIMBAJI: Mimi nani?

[Mtandao unakwaruza.]

MHUDUMU: Mkeo.

MWIMBAJI: …Aa. Ni wewe. Habari za… habari za siku nyingi?

MHUDUMU: Nzuri. Za huko?

MWIMBAJI: Salama tu, tunashukuru. Namba hii sikuitambua.

MHUDUMU: Ndiyo maana umepokea.

MWIMBAJI: Si hivyo, unajua simu yangu ilikuwa na tatizo la—

MHUDUMU: Wala sikupiga kwa ajili ya hayo. Hii ni simu ya Mzee ninayemhudumia, yeye na mkewe. Simu ya vitufe, na salio lililomo ni la kubahatisha, kwa hiyo nisikilize kwanza. Nataka neno.

MWIMBAJI: Neno gani?

MHUDUMU: La Kiitaliano.

[Ngoma inapigwa mara mbili, inanyamaza.]

MWIMBAJI: Umenitafuta baada ya muda wote huu kwa sababu ya neno la Kiitaliano.

MHUDUMU: Ndiyo. Sina mtu mwingine anayekijua.

MWIMBAJI: Ngoja nitoke nje… Jamani, endeleeni, nakuja. Haya. Wewe uko kazini kwa Waitaliano?

MHUDUMU: Kwa wazee wawili. Tangu ulipoondoka. Mtoto wao alikuwa anatafuta mhudumu anayejua Kiitaliano, nikaenda nikasema najua.

MWIMBAJI: Wewe? [Anacheka.] Ulikitoa wapi?

MHUDUMU: Jikoni kwangu. Si ulikuwa unafanya mazoezi sebuleni na mimi naosha vyombo? Wimbo mmoja jioni nzima, mpaka jirani anagonga ukuta. Ulidhani nilikuwa nimeziba masikio?

MWIMBAJI: Lakini zile ni nyimbo tu. Za mapenzi. Za wageni wa hoteli, walewe walie kidogo walale.

MHUDUMU: Ndizo nilizonazo. Siku ya usaili yule mtoto wao, mtu mzima mwenye mvi, akaniambia, haya, sema kitu. Nikamwambia, senza di te non vivo.

MWIMBAJI: Ulimwambia bila yeye huishi?

MHUDUMU: Nikiwa nimemkazia macho. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Jumatatu njoo uanze.

MWIMBAJI: We mwanamke wewe.

MHUDUMU: Usiniite hivyo kwa sauti hiyo.

MWIMBAJI: Samahani.

MHUDUMU: Basi nikaanza. Na kijiko sijui kinaitwaje. Choo sikijui, godoro silijui. Moyo naujua, machozi nayajua, busu, usaliti, usiku, kwaheri, rudi, nisamehe, hayo yote ninayo. Bibi akitakiwa kutiwa dawa ya macho, ile ya matone, namwambia lacrime. Machozi. Anainua uso, namtia. Dawa ya maji nasema bacio, busu, anabenua midomo kama binti wa watu, namnywesha. Nikimfunga shali, stringimi.

MWIMBAJI: Stringimi ni nikumbatie. Nishike sana.

MHUDUMU: Kwangu mimi na Bibi ni kufunga shali. Tumeishi hivyo, na tumeelewana kuliko watu wengine niliokaa nao nyumba moja tukiongea Kiswahili.

MWIMBAJI: Na yeye Kiswahili hajui kabisa?

MHUDUMU: Wanasema alikuwa anakijua kunishinda mimi, anakuchamba nacho hivi hivi. Kiharusi kilipompiga, Kiswahili kikaondoka chote, kikabaki kile alichozaliwa nacho. Daktari anasema huwa inatokea. Kwa hiyo Mzee ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

MWIMBAJI: Alikuwa?

MHUDUMU: Alikuwa.

[Mtandao unakwaruza.]

MWIMBAJI: Pole sana. Lini?

MHUDUMU: Leo asubuhi. Juzi alibanwa na kifua, gari la wagonjwa likaja kumchukua Bibi akiwa usingizini, simu akaisahau mezani. Leo hospitali wamepiga simu hii hii, nimepokea mimi. Mtoto wao sasa hivi yuko ndani ya ndege, atafika kesho. Kabla hajapanda akaniambia, tafadhali, mama asiambiwe, nitamwambia mwenyewe.

MWIMBAJI: Amesema vizuri. Basi msubiri—

MHUDUMU: Nimeshaharibu.

MWIMBAJI: Umemwambia?

MHUDUMU: Ningekuwa nimemwambia ingekuwa nafuu. Nilipokata simu ya hospitali nililia, akaniona. Akaanza, dov'è, dov'è. Yuko wapi. Mara ya kwanza nikajifanya sisikii. Mara ya tatu unajifanyaje?

MWIMBAJI: Si ungetumia ile ya kutafsiri, kwenye simu yako?

MHUDUMU: Nilianza na hiyo. Nikaiandikia, Mzee ametutoka. Ikamsomea kwa ile sauti yake ya bati. Bibi akatazama dirishani.

MWIMBAJI: Dirishani?

MHUDUMU: Kumbe imemwambia Mzee ametoka nje.

MWIMBAJI: Duh. Ungeandika amekufa, tu.

MHUDUMU: Mtu mzima anaandikwa amekufa? Baba wa watu, jana nimemfulia shati? Anafariki, anatutoka, anatangulia. Lile neno vidole vilikataa. Nikaiweka simu pembeni nikasema nitumie yangu mwenyewe, yenye uso wa mtu. Nikamshika mikono nikamwambia, se n'è andato.

MWIMBAJI: Ameenda zake. Hilo si baya. Na wao husema hivyo mtu akifariki, ni lugha ya heshima.

MHUDUMU: Wakisema wao. Nikisema mimi ninayemnywesha dawa kwa busu, yeye anasikia wimbo. Akanitazama, akaniuliza, con chi?

MWIMBAJI: …Con chi.

MHUDUMU: Na nani.

MWIMBAJI: Mungu wangu.

MHUDUMU: Mimi nikajua anauliza juzi aliondoka na nani. Kwenye gari la wagonjwa. Si unajua mtu akiuguliwa anataka kujua mgonjwa wake yuko mikononi mwa nani? Na yule muuguzi aliyekuja alikuwa mwanamke, kamshika Mzee mkono mpaka mlango wa gari unafungwa. Nikamjibu vizuri tu, con una donna.

MWIMBAJI: Umemwambia mume wake ameondoka na mwanamke.

MHUDUMU: Ngoja, sijamaliza. Akaniuliza, bella?

MWIMBAJI: Anauliza kama ni mrembo. Usiniambie umejibu.

MHUDUMU: Nikasema bella, bella sana. Nikijua namtuliza. Nikijua anauliza kama ni mtu mwema.

[MWIMBAJI anacheka kidogo, anajizuia, anakohoa.]

MHUDUMU: Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

MWIMBAJI: Sicheki. Naapa sicheki. Kisha?

MHUDUMU: Kisha akavua pete. Kidole kimevimba, ikamtoa ngozi, akaivuta mpaka ikatoka, akaitumbukiza kwenye glasi ya meno yake ya bandia. Akaniashiria nimletee hereni zake nzuri na rangi ya mdomo. Sasa hivi amekaa kitandani kajipamba, anatazama ukuta, chakula hataki, maji hataki. Nikamfuata tena. Nikajipiga kifua nikasema muoio, muoio.

MWIMBAJI: Hiyo ni nakufa. Wewe. Umemwambia unakufa wewe.

MHUDUMU: Ndiyo maana akanipa maji yake ninywe.

[Mtandao unakwaruza, sauti zinagongana.]

MWIMBAJI: —sikiliza, mimi nadhani umwache mpaka kesho. Mtoto wake akija ata—

MHUDUMU: —kesho ipi? Moyo wake wenyewe ni wa kubembeleza, daktari kila akija anaupima anatikisa kichwa. Usiku huu ukisimama?

MWIMBAJI: Ukimwambia mume kafa si ndiyo utasimama kabisa? Sasa hivi angalau anajua yuko hai.

MHUDUMU: Ndivyo unavyoona wewe.

MWIMBAJI: Mtu yeyote angeona hivyo. Hai ni hai.

MHUDUMU: Hai yuko wapi? Hai anafanya nini? Hai anacheka na nani? Hujui kitu. Aliyefiwa anakaliwa, anapewa pole, anaambiwa lia mama lia. Aliyeachwa anaulizwa alifanya nini. Na wa kwanza kujiuliza ni yeye mwenyewe. Saa hizi yule Bibi pale ndani anapitia maisha yake yote na Mzee, chumba kwa chumba, anatafuta alipokosea. Na hakukosea popote. Nimeona mzee yule alivyokuwa anamchania nywele. Usinifundishe mimi hilo.

[Upande wa MWIMBAJI, mlango unafunguliwa. Sauti ya mwanamke: “Unaongea na nani huku nje?”]

MWIMBAJI: [mbali na simu] Mtu wa kazini. Nakuja.

[Mlango unafungwa.]

MWIMBAJI: Haloo?

MHUDUMU: Nipo. Mtu wa kazini nipo.

MWIMBAJI: Huyo ni… anashughulikia mavazi ya bendi.

MHUDUMU: Sijauliza. Nipe neno.

MWIMBAJI: Neno ni morto. È morto. Amekufa.

MHUDUMU: Morto.

MWIMBAJI: È morto. Ukianza na ile “e” ndogo. Bila hiyo ni mfu tu, kama samaki.

MHUDUMU: È morto. È morto. Kafupi hivi?

MWIMBAJI: Kafupi.

MHUDUMU: Kwa nini sikuwahi kulisikia? Nyimbo zote zile, na kila mtu mle ndani anakufa. Ubeti wa kwanza nakufa, kiitikio nakufa, unasimama unakunywa maji, unarudi unakufa tena.

MWIMBAJI: Wanakufa, ndiyo. Lakini kwenye nyimbo hakuna aliyekufa. Akishakufa nani atamalizia wimbo? Ni nakufa, nakufa, mpaka makofi.

MHUDUMU: Kumbe.

MWIMBAJI: Hata mimi sikujifunza kwenye wimbo. Kuna mgeni mmoja pale hotelini alipigiwa simu akiwa mezani, mimi naimba. Akasimama akalisema mara moja. Hakuna aliyenitafsiria.

[Mlio wa simu: salio linakaribia kwisha.]

MHUDUMU: Hilo salio hilo. Niambie mengine haraka. Yule mwanamke. Muuguzi wanamwitaje?

MWIMBAJI: Infermiera. Subiri, kata nikupigie mimi.

MHUDUMU: Ukikata hupigi.

MWIMBAJI: Nitapiga. Nakuahidi.

MHUDUMU: Usikate. Infermiera. Na “hakukuacha”? Kwenye nyimbo kuna mi hai lasciato, umeniacha. Nalijua hilo vizuri. Nikitaka kusema hakukuacha?

MWIMBAJI: Non ti ha lasciata. Lakini kwa mtu mzima wa heshima inabidi ubadilishe, hutumii ti, unasema—

MHUDUMU: Nimemwambia ti tangu siku ya kwanza, kama mpenzi wangu. Leo nikimbadilishia atajua naigiza. Non ti ha lasciata. Ha lasciata. Sawa. Naingia.

MWIMBAJI: Sasa hivi?

MHUDUMU: Ulitaka lini? Nakuweka kwenye spika, nakulaza juu ya mto. Akisema kitu nisichokijua unitafsirie. Na usimsemeshe. Akisikia mwanamume anaongea Kiitaliano kwenye simu ya mumewe, mimi sitajua pa kuweka uso.

MWIMBAJI: Sitasema. Hebu subiri. Ukimwambia, usizungushe. Usianze na moyo na usiku na machozi. Mshike mkono, liseme, unyamaze. Kuzungusha ndiko kunakoua.

MHUDUMU: Wewe ndiye unayeniambia hivyo.

MWIMBAJI: …Ingia tu.

[Hatua. Mlango. Kishindo laini, simu inawekwa juu ya kitu. Sauti zinasikika kwa mbali.]

MHUDUMU: Bibi. Bibi, nitazame. No, hapa, nitazame mimi. Ile donna… infermiera. Infermiera, Bibi. Hospitali. Non ti ha lasciata. Hakukuacha, mama yangu. Non ti ha lasciata. È morto.

[Saa ya ukutani inasikika.]

MHUDUMU: È morto.

[Sauti ya kikongwe, chini sana: “Quando?”]

MWIMBAJI: [kwa kunong’ona] Anauliza lini. Sema stamattina. Leo asubuhi.

MHUDUMU: Stamattina.

[Sauti ya kikongwe, maneno marefu yasiyosikika vizuri, kisha: “L’infermiera…”]

MWIMBAJI: Anasema, kwa hiyo yule mwanamke alikuwa muuguzi. Mwambie sì, ndiyo.

MHUDUMU: Sì. Sì, Bibi. Infermiera. Alimshika mkono. La mano. Hivi, hivi nilivyokushika mimi.

[Pumzi ndefu. Sauti ya kikongwe, wazi safari hii: “Meno male.” Kisha tena, ikikatika: “Meno male, meno male.”]

MHUDUMU: Anataka meno. Amekumbuka meno yake, masikini, anataka kulia akiwa amevaa. Ngoja, Bibi, ngoja nikupe.

MWIMBAJI: Hapana, si meno—

MHUDUMU: Haya, glasi hii hapa. Taratibu, maji yanamwagika. Hataki meno huyu. Anachovya kidole. Ametoa pete.

MWIMBAJI: Si meno ya mdomoni. Ni neno lao. Meno male.

MHUDUMU: Anaivaa. Haingii. Subiri nikusaidie, Bibi… kidole kingine, weka kidole kidogo. Hapo. Imeingia. Ulikuwa unasemaje wewe?

MWIMBAJI: Meno male maana yake ni… ni kama afadhali.

MHUDUMU: Afadhali?

MWIMBAJI: Afadhali.

MHUDUMU: Amesema afadhali amekufa?

[Kilio cha kikongwe kinaanza, cha chini, kama mtu anayeimba bila maneno.]

MWIMBAJI: Haloo? Upo?

[Hakuna jibu. Kitambaa kinapita juu ya simu. Sauti ya MHUDUMU kwa mbali: “Stringimi, Bibi. Stringimi.” Muda unapita.]

MWIMBAJI: Haloo?

[Hatua. Mlango unarudishwa taratibu.]

MHUDUMU: Nipo. Nimetoka kidogo, niko koridoni.

MWIMBAJI: Amelala?

MHUDUMU: Analia. Analia vizuri. Ameomba maji, amekunywa.

MWIMBAJI: Umefanya kazi kubwa leo. Kweli. Mimi nisingeweza.

MHUDUMU: Najua.

MWIMBAJI: Ile stringimi ya mwisho. Ulikuwa unamfunga shali?

MHUDUMU: Hapana.

MWIMBAJI: Aa.

MHUDUMU: Afadhali, amesema. Mara tatu.

MWIMBAJI: Watu wakiwa na uchungu husema tu, usiyachukulie—

MHUDUMU: Hakusema tu. Ninamwelewa kuliko wewe uliyetafsiri. Mimi redioni wakitangaza ajali nilikuwa naacha kila kitu, natega sikio.

MWIMBAJI: Ulikuwa unaogopa nisije nikawa nimo.

MHUDUMU: Mwanzoni nilikuwa naogopa. Baadaye nikawa natumaini. Umenisikia? Sikukuombea mabaya, Mungu ni shahidi. Ila ningelijua la kufanya. Ningelia, majirani wangekuja wakakaa, wangenibandikia chai, mtu angenishika bega. Na siku moja ningeamka nikafungua madirisha. Wewe umeniacha na shati lako mlangoni, na kila ngazi ikilia nasimama. Watu wakiniuliza nasema yuko kwenye mkataba, mkataba umeongezwa. Nimeuongeza mwenyewe huo mkataba mpaka nimechoka.

MWIMBAJI: Nilikuwa nataka kupiga. Kila nikishika simu—

MHUDUMU: Mama yako kila Jumapili ananiuliza, mwanangu amepiga? Namwambia amepiga, mama, anakusalimia sana.

MWIMBAJI: …Na yeye anasemaje?

MHUDUMU: Anasema nikwambie usiwe unalala bila kula.

[Upande wa MWIMBAJI, gitaa linajaribiwa waya mmoja mmoja.]

MWIMBAJI: Perdonami.

MHUDUMU: Nisamehe? Hiyo hapana.

MWIMBAJI: Inatoka moyoni, naapa.

MHUDUMU: Hiyo ni ya nyimbo. Nimeisikia kila jioni, nimeiosha pamoja na masufuria. Ulikuwa ukiisema kwa uzuri zaidi ulipokuwa unafanya mazoezi.

[Mlio wa simu: salio linakaribia kwisha.]

MWIMBAJI: Sasa unataka niseme nini?

MHUDUMU: Umenituma mle ndani nikamwambie mtu bila kuzungusha. Nimeenda. Basi na mimi usinizungushe. Bibi aliuliza na nani. Mimi sikuulizi na nani, nimeshamsikia mlangoni hapo. Wala sikuulizi kama ni mzuri. Nauliza moja tu. Unarudi?

MWIMBAJI: Unajua mkataba wenyewe una—

MHUDUMU: Mkataba uache.

MWIMBAJI: Mambo hayako rahisi kama unavyo—

MHUDUMU: Neno moja. Kama lile.

MWIMBAJI: Ningependa tukae siku moja, mimi na wewe, tuongee kama watu waz—

MHUDUMU: Salio linakwisha.

[Mtandao unakwaruza. Gitaa linanyamaza. Sauti ya mwanamke, mbali: “Wanakusubiri.” MWIMBAJI hamjibu.]

MWIMBAJI: Sirudi.

[Kimya.]

MWIMBAJI: Haloo? Umesikia?

MHUDUMU: Nimesikia.

MWIMBAJI: Umenielewa lakini? Maana sikutaka uje kudhani kwamba—

MHUDUMU: Nimeelewa. Umesema Kiswahili.

[Pumzi, upande mmoja. Haijulikani ni upande gani.]

MWIMBAJI: Na mama? Mama utamwambia nini Jumapili?

MHUDUMU: Hilo utampigia mwenyewe. Mimi nimeshatangaza mmoja leo, siwezi wawili.

MWIMBAJI: Nitampigia.

MHUDUMU: Haya.

MWIMBAJI: Nitampigia kweli.

MHUDUMU: Haya, bwana. Ahsante kwa neno. Acha niingie, humu ndani kuna mfiwa, si vizuri kumwacha pek—

[Simu imekatika.]